Mtoto Akiuliza Mlikotoka

Amri ya nne tumezoea kuwahubiria watoto. Leo naigeuzia kwetu sisi wazazi. Mtoto atamheshimuje mtu asiyemfahamu?

Yuko mama mmoja, Thi Bui, mwandishi na mchoraji huko Marekani. Alizaliwa Saigon, Vietnam, mwaka 1975, miezi michache kabla vita kwisha. Mwaka 1978 wazazi wake walitoroka kwa mashua, mama akiwa na mimba kubwa. Mdogo wake alizaliwa katika kambi ya wakimbizi nchini Malaysia. Kisha wakapokewa Marekani.

Chakula na paa vilipatikana. Lakini binti alikua na woga nyumbani mwao asijue chanzo chake. Alipokuwa mtu mzima alianza kuwauliza wazazi, akiandika na kuchora majibu. Ndipo nyuma ya baba mkali akamwona mtoto mdogo wa kaskazini mwa Vietnam, aliyeona njaa kuu ya 1945 na vita vya Wafaransa. Kitabu kilitoka mwaka 2017, na kinaanza na yeye mwenyewe akijifungua. Sishangai. Wengi huwaelewa wazazi wao wakishashika mtoto wao.

Katika Kivietnam mtoto hamwambii babaye "mimi". Hujiita "con", yaani mtoto, na baba humwita vivyo hivyo. Kiingereza hakina neno la namna hiyo. Kwa hiyo mtoto wa mhamiaji akiisahau lugha ya kwao, hapotezi maneno tu. Hana tena jina la kujiitia mbele ya babaye.

Waisraeli waliagizwa kwamba mtoto akiuliza maana ya ibada ya Pasaka, asimuliwe walivyotoka Misri. Utumwa wenyewe haukufichwa. Lakini sisi, mtoto akiuliza kwa nini hatuendi kwa babu, tunamwambia akamalize kazi ya shule! Tunadhani tunamkinga. Naye huona uso wetu umebadilika, akafikiri amekosa.

Najua mengine yanauma, na si yote ya kumwambia mtoto wa miaka sita. Basi baba, juma hili, watoto wakishalala, chagua jambo moja la utotoni mwako ambalo hujawahi kulitamka. Mwambie kwanza mama watoto. Huenda mmeishi miaka ishirini naye hajalisikia.