Bangi Safi ni ya Nani?

Mtu anayelima bangi kinyume cha sheria ana wajibu wa kuilima vizuri? Wengi watacheka. Kosa ni kosa, watasema, halina gredi ya kwanza na ya pili. Mimi naona linayo.

Angalia kazi yenyewe. Kinachotafutwa ni ua la mmea jike ambao haujachavushwa. Mimea dume iking'olewa mapema, jike hapotezi nguvu kwenye mbegu. Baada ya kuvuna, ua hukaushwa polepole, mahali penye giza na hewa inayopita. Mwenye haraka hulifunga likiwa bado na unyevu, na kuvu ikaota ndani ya mfuko. Mtu mwenye kinga dhaifu akivuta kuvu hiyo, inaweza kumharibu mapafu. Tena mmea huu hunyonya kilicho udongoni, madini ya risasi na kadimiamu yakiwemo. Ukiulima kando ya jaa la taka, manze, unauza taka.

Mnunuzi haoni lolote kati ya hayo. Kwa hivyo anayengoja ua likauke sawasawa anamtendea haki mtu ambaye hatawahi kukutana naye, na ambaye hana pa kumshtaki.

Hapa Kenya, sheria ya 1994 inaweza kumfunga mkulima hadi miaka 20, awe amelima kwa uangalifu au amenyunyiza dawa ya wadudu wiki ileile ya kuvuna. Kwa sheria hao wawili ni kitu kimoja. Hofu nayo haikaushi chochote polepole. Ukisikia polisi wako kijiji jirani, unavuna leo. Mtaani ubora umebaki kuwa jina tu: shash, ati imetoka Shashamane kule Ethiopia. Si hata anayekuuzia hajui imetoka wapi.

Basi ihalalishwe, ubora uje? Lesotho ilijaribu. Mwaka 2017 ikawa nchi ya kwanza Afrika kutoa leseni za kulima bangi ya dawa. Basotho wameilima milimani kwa vizazi, wanaiita matekoane, na ungedhani wao ndio wangetangulia. Lakini ada ya leseni haikuwa ya mkulima wa kijijini. Waliotangulia ni kampuni zenye mtaji wa nje, zenye uzio, vitalu vya kisasa na maabara, kwa sababu soko la Ulaya linataka viwango vya dawa: kila fungu liwe na rekodi, kuvu ihesabiwe, madini yapimwe. Sipingi hata kimoja. Mgonjwa kule Ujerumani anastahili ua safi. Ila mzee aliyetunza mbegu hizo milimani, akikosa leseni, bado ni mhalifu kwa mmea uleule. (Sisi tunaijua hadithi hii kwa kahawa. AA inapanda meli, na aliyeichuma Nyeri anakunywa chai.)

Kuna maswali mawili yanayojificha ndani ya neno "viwango". La kwanza: kitu hiki kitamdhuru anayekitumia? Mwenye robo ekari anaweza kulijibu vizuri akipata maabara ya ushirika. La pili: una ukuta wa urefu gani, na benki una ngapi? Hilo halijibiwi kwa ujuzi wa kulima. Niliacha chuo, kwa hivyo semeni nina chuki na karatasi. Sawa. Lakini karatasi ya maabara naiheshimu, kwa sababu inasema kitu kuhusu ua lenyewe.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu pia: uzio huzuia bangi isifike shuleni. Kweli, ila huo ni usalama, uitwe usalama. Na hapa watetezi wa mmea huwa wananyamaza: bangi iliyotunzwa vizuri mara nyingi huwa kali zaidi, na ubongo wa kijana wa miaka 16 haujali kama ilipimwa. Kuandika ukali wake kwenye pakiti ni sehemu ya ubora kama kutoa kuvu.

Kesi ambayo Marasta waliwasilisha Mahakama Kuu mwaka 2021 inahusu matumizi ya faragha na ibada. Kuhusu kulima ili uuze, mjadala wetu bado ni mchanga. Ukikomaa, ningependa tuulize mapema maabara itajengwa wapi, na mwenye robo ekari atalipa ngapi kupimiwa gunia moja.