Nani Ana Haki ya Kusema "Huyu Ndiye"?

Mtaani kwetu Langoni, hapa Amu, alikuwako mzee baharia aliyekuwa akipeleka boriti za mikoko Unguja kwa jahazi. Amekufa zamani. Hivi karibuni imezunguka kwenye simu picha ya 1964: vijana wenye ndevu na bunduki, wamejazana juu ya lori, mjini Unguja. Uso mmoja umezungushiwa duara jekundu, na chini yake jina la mzee huyo, na maneno kwamba alikuwa katika kikosi cha siri kilichotumwa kuwachinja Waarabu. Mjukuu wake mmoja ameacha kwenda darsani kwa sababu ya macho ya watu. Naandika nikiwa na hasira, na sitaki ipoe kabla sijamaliza.

Maana ya utambulisho, na namna mtu anavyobaki yule yule ujanani na uzeeni, wanafalsafa wameieleza. Naikubali kama ilivyo. Mimi nashughulika na kile kidole kinachogusa picha na sauti inayosema: huyu ndiye.

Kidole hicho hakikuanza na simu. Baada ya mapinduzi ya 12 Januari 1964, habari zilienea Ulaya na Marekani kwamba Wakuba wamepigana Unguja. Ushahidi ulikuwa nini? Ndevu, magwanda ya kijani na kaulimbiu ya Kihispania. Waliokuwa ndani ya magwanda hayo walikuwa Wazanzibari, vijana wa chama cha Umma cha Abdulrahman Babu, ambao baadhi yao walikuwa wamepata mafunzo Kuba na kurudi kwao. Hofu ya Vita Baridi ilikuwa na jina tayari mkononi, ikitafuta uso wa kulibandika. Duara letu jekundu limechorwa hivyo hivyo: hadithi ya njama ilitangulia, baharia akafuata.

Niliposema haya barazani nilijibiwa neno ambalo bado linanichoma: "Basi wewe thibitisha kwamba siye."

Hebu tulichukue neno hili kwa uzito lisiostahili. Nathibitishaje? Nikisema mwezi ule alikuwa Amu, nitaambiwa jahazi huenda na kurudi. Nikileta karatasi za forodha, nitaambiwa karatasi huandikwa na wakubwa. Nikimleta binti yake aseme pua ile si ya babake, nitaambiwa anaficha aibu ya nyumba. Nikinyamaza, nimekiri. Kila jibu linageuzwa kuwa dalili mpya, na kadiri jamaa wanavyojitetea ndivyo wanavyoonekana kuwa na la kuficha. Anayedai hajatoa hata senti moja ya ushahidi, ila anatudai sisi hesabu kamili ya maisha ya mtu.

Tena watu wale wale wamesoma vyuoni kama nilivyosoma mimi. Tulifundishwa kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Kila anayekwenda kwa kadhi kugombea shamba la minazi anaijua kanuni hii. Kwa nini shamba lihifadhiwe kuliko heshima ya maiti? Na hapa ndipo dhuluma inapokamilika: marehemu hawezi kuapa. Hiyo haki ya mwisho ya mshitakiwa, ya kusimama na kusema wallahi si mimi, imezikwa naye. Kwa hiyo anayemtuhumu maiti kwa picha alipaswa kudaiwa ushahidi mzito zaidi, na sisi tunamdai mwepesi kuliko wote.

Hata pale panapopatikana kipimo, wangapi hukingoja? Mei 2003 mkulima wa Ethiopia, Lemma Ayanu, aliletwa Nairobi na kupokewa kama Jenerali Stanley Mathenge wa Mau Mau, aliyetoweka 1955. Kikuyu hakukijua. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba siye, lakini mapokezi yalikuwa yameshafanyika. Baharia wetu hana hata kipimo hicho, maana kivuli cha uso kwenye picha hakitoi damu.

Ajabu ni kwamba yanatokea Amu, mji wa Omar Said Bakor. Studio yake ilikuwa hapa hapa, na mpaka alipofariki 1993 wazee wetu walijua kwamba picha ni kazi ya mkono. Bakor alikata sura za watu akaziunganisha na vitu ambavyo havikukutana duniani, na wenye sura walilipa na kufurahi. Wateja wake hawakuuliza kama picha inasema kweli. Waliuliza kama imewatoa vizuri, na walijua ni nani aliyeshika mkasi. Leo hatujui duara jekundu limechorwa na nani, wala hatuulizi.

Ni kweli kwamba nyaraka za 1964 zilikuwa mikononi mwa wenye nguvu, na kwamba walionyimwa habari wana haki ya kushuku, ila kushuku si sawa na kusema: huyu ndiye.

Lakini kuna jambo linalonikwamisha. Filamu ya Waitaliano, *Africa Addio*, iliyotoka 1966, inaonyesha kutoka angani maiti na watu waliokusanywa Unguja siku zile. Wapo waliopoteza baba mwaka ule, hawana kaburi la kuzuru. Mmoja wao akiniambia kwamba mwenye kanzu pale ukingoni ni babake, kwamba ndivyo alivyokuwa akisimama, sina ulimi wa kumwambia lete ushahidi. Namwamini. Basi kwa mizani gani nimkatae wa barazani? Nitasema yeye hamtuhumu mtu. Lakini kusema babangu aliuawa pale ni kusema yuko aliyemuua. Nitasema alimjua babake, na wa barazani anaijua picha tu. Lakini pengine alikuwa mtoto wa miaka mitano, na baba anayemkumbuka ameshachanganyika na picha zilizobaki. Kanuni ya kadhi, nikiishika sawasawa, inawafungia mlango wote wawili, na mimi sikubali afungiwe yeye.