Kumlipia Mwanafunzi Maskini: Ni Sadaka au ni Deni?

Mtoto wa mkulima akifaulu masomo ya sekondari, akataka kwenda chuo kikuu kusoma sayansi, ukoo hukutana jioni kushauriana. Mmoja husema: «Tuuze mbuzi.» Mwingine hujibu: «Mbuzi wakiisha, wadogo zake watakula nini? Kwa nini mmoja ale cha wote?» Neno hili la pili si la uchoyo. Ni swali la haki, nalo lastahili jibu.

Yakumbukwe mambo ya Yambuku, kaskazini ya Kongo, mwaka 1976. Ugonjwa usiojulikana uliingia misioni, ule ulioitwa baadaye Ebola. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Hospitali ilikuwa na watumishi 17. Walipokufa 11, ikafungwa. Kutoka Kinshasa alifika daktari Jean-Jacques Muyembe, mwana wa wakulima, aliyesomea uganga Lovanium na elimu ya virusi Leuven, Ubelgiji. Alirudi Kinshasa pamoja na sista mgonjwa, na damu ya sista huyo ikapelekwa Ubelgiji kupimwa.

Lakini damu haikueleza kwa nini wengi hivi waliugua. Ndipo wataalamu walipopita kijiji kwa kijiji, nyumba kwa nyumba, wakiandika: nani aliugua, siku gani, alimwuguza nani, je, alichomwa sindano? Walipoyapanga maandiko yao waliona kwamba wagonjwa wengi walikuwa wamepita hospitalini, na wanawake wajawazito walikuwa wengi kati yao. Kila asubuhi zilitolewa sindano 5 tu kwa kazi ya siku nzima, nazo mara nyingine zilisuuzwa kwa maji kati ya mgonjwa na mgonjwa. Masista hawakukusudia ubaya. Baadhi yao walikufa pamoja na wale waliowauguza. Sababu ya kifo ilipatikana kwa daftari, kwa kuhesabu na kulinganisha.

Basi, aliyefundishwa kazi hiyo hakula cha wote. Alichopewa kiliwarudia wanawake wa vijiji ambao hakuwajua. Kwa hiyo msaada wa masomo wafanana na deni kuliko sadaka.

Hata hivyo, mzee aliyewatetea mbuzi hajajibiwa bado. Ikiwa faida ni ya nchi nzima, kwa nini ukoo mmoja ulipe? Ukiachwa peke yake, wadogo wa mwanafunzi ndio wanaoshinda na njaa ili wageni wapone. Hiyo si haki. Deni la wengi lilipwe na wengi: serikali, vyuo, na matajiri pia. Jambo hili lawezekana. Chuo kiitwacho African Institute for Mathematical Sciences, kilichoanzishwa Afrika ya Kusini mwaka 2003 na Neil Turok, kina tawi Kigali tangu mwaka 2016. Vijana wenye shahada ya kwanza, kutoka nchi nyingi za Afrika, husoma humo pasipo kulipa ada, chakula wala malazi. Tena hufundishwa hesabu pamoja na kazi ya kompyuta.

Hilo la mwisho lisidharauliwe. Mwanafunzi wa kijijini aweza kulipiwa kila kitu, kisha akaketi mara ya kwanza mbele ya kompyuta kando ya mwenzake wa mjini aliyeizoea tangu utoto. Asipofundishwa kukusanya takwimu, kuzipanga na kuzisoma, amepewa shamba akanyimwa jembe.

Wengine huogopa: akisha kusoma, si atakaa Ulaya? Kweli, wako waliokaa, na hakuna kamba ya kumfunga mtu. Muyembe alirudi. Mwaka 2019, Ebola ilipokuwa ikiua watu Kivu ya Kaskazini, yeye ndiye aliyekabidhiwa kuongoza kazi ya kuizuia, miaka 43 baada ya Yambuku.