Waliobeba Mifupa



Vijana wetu wa shule wanauliza sana juu ya dinosaria, wale wanyama wakubwa wa zamani ambao mifupa yao inasimamishwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Wengi wanataka kujua miaka yao. Leo sisi tunauliza neno lingine: mfupa ukitolewa katika udongo, heshima yake ni ya nani? Ni ya yule mwenye elimu peke yake, ao hata ya yule aliyechimba na kubeba?

Tutwae mfano mmoja wa kweli. Katika mji wa Berlin, Ujerumani, mwaka wa 1937 walisimamisha mifupa ya dinosaria mwenye shingo ndefu kama twiga. Kimo chake kinapita meta 13. Mifupa hiyo haikutoka Ujerumani. Ilitoka Tendaguru, kilima kilicho upande wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Wala si ya mnyama mmoja: walikusanya mifupa ya wanyama kadhaa, wakafanya mwili mmoja.

Wakati ule nchi ilikuwa chini ya Wajerumani. Mwaka wa 1906 injinia mmoja, Sattler, aliona mifupa pale. Tangu 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin yalituma wenye elimu kuichimba, na wa kwanza walikuwa Janensch na Hennig. Lakini waliochimba walikuwa Waafrika, mamia ya watu, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka wa 1907, na njaa ilikuwa imeua watu wengi. Watu wa inchi hiyo ndio walioshika majembe.

Hapakuwa reli. Mifupa ilifungwa ndani ya mianzi, kisha wapagazi wakaibeba juu ya vichwa na mabega, mwendo wa siku nne mpaka bandari ya Lindi. Jumla yake ilipita tani 200.

Sasa tuangalie majina. Mnyama yule mrefu alipewa jina la Branca, mkubwa wa makumbusho ya Berlin. Boheti, aliyejua kufumbua mfupa bila kuuvunja, alingoja. Mwaka wa 2007 ndipo mnyama mwingine wa Tendaguru alipoitwa kwa jina lake, Australodocus bohetii. Ilipita karibu miaka mia moja. Na wapagazi je? Wengi wao hawajulikani hata jina moja.

Mtu atasema: walilipwa, kazi ikaisha. Tena, bila wenye elimu mvua ingalivunja mifupa yote. Ni kweli, tusiwanyime sifa yao. Lakini mshahara unalipa deni la jasho. Deni la heshima halilipwi kwa feza. Mtu akilipwa, kisha akasahauliwa kana kwamba mzigo ulitembea wenyewe, amedhulumiwa bado.

Sisi wa Kongo tunalijua jambo hili. Katika vita ya 1914–1918 wapagazi wetu walibeba mizigo ya Force Publique mpaka Tabora, mji uliotwaliwa mwaka wa 1916. Watu wanakumbuka majina ya majenerali. Nani anakumbuka wale waliobeba masanduku ya risasi?

Wengine wanasema mifupa irudishwe, wengine wanasema ikae pale inapotunzwa. Hilo ni shauri la serikali mbili. Lakini kurudisha jina hakungoji meli wala mkataba. Pale mfupa unapoonyeshwa, waandike pia nani aliutoa udongoni, ulibebwa namna gani, na wakati ule ulikuwa wakati gani. Mtoto wa Lindi asidhani kwamba wazee wake walikuwa watazamaji tu.

Na sisi wenyewe tujipime. Kanisa likijengwa katika parokia, tunaandika ukutani jina la mchungaji na la mtu aliyetoa mabati. Mama waliobeba maji na mchanga tangu asubuhi, majina yao yako wapi? Tunawaomba makatibu wa parokia zote: fungueni daftari moja, andikeni kila aliyebeba, hata kama alibeba tofali moja. Tusimlaumu mwenye nyumba kubwa ya Berlin huku daftari letu ni tupu.