Mali na Mizani

Tunajua kwamba tutaulizwa mali tuliichuma wapi na tuliitumia wapi. Je, tutaulizwa pia fedha yetu ilimfanyia nini mtu wa mbali?

Mabenki yalianguka mwaka 2008. Mwezi wa 7, 2010, Marekani ikatunga sheria ya fedha. Kifungu cha 1502 kilitaka makampuni ya soko la hisa yatangaze kama kaseterite, koltani, wolframi na dhahabu yao inatoka Kongo au nchi jirani, ili fedha isilishe bunduki. Ni jambo jema. Hata Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, inaamuru deni liandikwe na lishuhudiwe.

Lakini mwezi wa 9 mwaka ule serikali yetu ilisimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, mpaka mwezi wa 3, 2011. Machimbo yalipofunguliwa, wanunuzi wengi walikuwa wamejitenga. Mchimbaji asiye na silaha akakosa unga na minervali ya watoto.

Basi nia njema haitoshi. Anayekimbia uchafu bila kuusafisha amewaachia maskini.

Nasi je? Unayemkopesha mchimbaji franga ili arudishe zaidi, hiyo ni riba. Unayelipia shimo linalochafua mto, jirani anakunywa maji yale. Faida yako ina haki yake ndani.

Kabla ya kutoa fedha, uliza: inakwenda wapi, na nani ataumia?

Ee Mola, turuzuku halali. Amin.