Mapatano ya Wawili na Haki ya Mpinzani

Swali la kama watu wawili waweza kusema hadharani maneno ambayo maana yake wanaijua wao peke yao, bila ya kuwadhulumu wengine wanaosikia, ni swali la zamani katika elimu ya maadili. Aghalabu hujadiliwa kwa mifano mikubwa: wajumbe wa falme, wafanyabiashara wapangao bei faraghani, majemadari na wapelelezi wao. Mifano hiyo ina kasoro moja, nayo ni kuwa masilahi yaliyomo ni mengi na mazito hata mpaka wa haki haupati kuonekana. Mchezo wa karata uitwao briji hauna kasoro hiyo. Masilahi yake ni madogo, sheria zake zimeandikwa, na swali lenyewe limewekwa mezani bila ya nguo.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mtu akimkabili mwenzi wake. Karata 52 hugawanywa, 13 kwa kila mkono. Kabla ya karata ya kwanza kuanguka hufanyika mnada, na katika mnada huo kila mchezaji kwa zamu yake hunadi ahadi: upande wake utashinda mizunguko mingapi katika ile 13, na kwa turufu gani. Turufu yaweza kuwa shupaza, kopa, uru au pau (majina ambayo Waswahili waliyapokea kwa Wareno pamoja na karata zenyewe), au mchezo waweza kuwa bila turufu. Ahadi ndogo kabisa ni ya mizunguko saba, na kubwa ni ya yote 13. Hivyo ahadi zote ziwezazo kunadiwa ni 35. Ongeza neno la kupita, neno la kuizidisha ahadi ya mpinzani maradufu, na neno la kumjibu aliyezidisha. Jumla ni maneno 38. Namna hii ya mchezo, ambamo upande hulipwa tuzo kubwa kwa kile tu ulichokiahidi, ilipangiwa hesabu zake na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925, alipokuwa safarini melini kupitia mfereji wa Panama.

Maneno 38 ni lugha maskini sana. Mikono ya karata 13 iwezayo kutoka katika karata 52 ni 635,013,559,600. Ni kama mtu aliyepewa konzi moja ya maneno akaambiwa aeleze nyota zote za mbinguni, tena kwa zamu, tena huku maadui wawili wakimkatiza. Umaskini huo ndio uliozaa mapatano. Easley Blackwood wa Indianapolis alibuni katika mwaka 1933 kwamba mtu anenapo “nne bila turufu”, mara nyingi haahidi kitu chochote bali anamwuliza mwenzi wake ana ree ngapi. Mwenzi hujibu kwa ngazi: pau tano, hana hata moja au anazo zote nne, uru tano, anayo moja, kopa tano, mbili, shupaza tano, tatu. Anayesema “kopa tano” hapo huenda hana kopa ya maana mkononi. Kwa namna iyo hiyo, katika utaratibu unaobeba jina la Samuel Stayman, ambao yeye mwenyewe aliutangaza mwaka 1945 ingawa mbunifu wake alikuwa mwenzi wake George Rapée, anayesema “pau mbili” baada ya mwenzi kufungua kwa “moja bila turufu” hasemi habari za pau hata kidogo. Anauliza kama mwenzi ana kopa nne au shupaza nne.

Je, huyo amesema uongo? Wapo waliodhani hivyo, wala hawakuwa wajinga. Klabu ya Portland ya London, iliyokuwa mtunga sheria wa michezo ya namna hii tangu karne ya 19, imeshika katika meza zake desturi ya kutocheza kwa matamko ya mapatano: anayetaja pau ana pau. Hata kabla ya briji kuzaliwa, wachezaji wa wisti, mama wa briji, waligombana juu ya ishara ya kuangusha karata kubwa kabla ya ndogo ili kumwomba mwenzi aongoze turufu. Ishara hiyo huhesabiwa kuwa ya Lord Henry Bentinck, naye husimuliwa kwamba alikuja kujutia kuivumbua. Hoja ya wapingaji ilikuwa kwamba mchezo ni wa akili ya mmoja mmoja, na kwamba kuwekeana alama ni kuweka lugha ya wezi mahali pa hekima.

Hoja hiyo haina budi kukataliwa. Neno “pau” halikuzaliwa na maana yake. Lilipewa na watu waliokubaliana, kama “maji” na “moto” yalivyopewa. Anayelitumia kwa maana nyingine iliyotangazwa hamdanganyi mtu, kama vile mwalimu wa hesabu hamdanganyi mwanafunzi anapotumia herufi badala ya idadi. Kosa la wapingaji ni kuutafuta uongo katika umbali uliopo baina ya neno na kitu, na uongo haukai hapo. Unakaa katika umbali uliopo baina ya yule anayeijua maana na yule aliyenyimwa kuijua.

Sheria za briji zimefika mahali hapo hapo, na zimekwenda mbele kuliko wanafalsafa wengi. Zinasema kwamba upande wowote waweza kuafikiana maana yoyote ya tamko lolote, mradi wenye mashindano wameiruhusu na mapatano hayo yamefunuliwa kwa wapinzani. Kila jozi huandika mapatano yake katika kadi na kuiweka mezani. Tamko lisilo la kawaida linapotolewa, mwenzi wa mtoaji huwatahadharisha wapinzani, nao wana haki ya kuuliza. Angalia ni nani anayejibu: si aliyetamka, bali mwenzi wake. Aliyetamka anazijua karata zake, na jibu lake lingevuja habari za mkono. Mwenzi anajua mapatano tu, na mapatano ndiyo haki ya mpinzani. Karata si haki yake. Mpinzani aliyeelezwa mapatano kwa usahihi, kisha akakuta kwamba mtamkaji aliyasahau na kutamka kinyume chake, kwa kawaida hana madai yoyote. Aliahidiwa maana ya neno, wala hakuahidiwa kwamba msemaji hatakosea.

Kutokana na utaratibu huo huzuka hali ambayo ni vigumu kuikuta penginepo. Mtu ametamka kwa maana fulani. Mwenzi wake anaulizwa, naye anaieleza kwa maana nyingine kwa kukosea. Mtamkaji anasikia maneno yake yakipotoshwa, na sheria inamkataza kusahihisha wakati mnada ungali unaendelea, kwa kuwa masahihisho yangemzindua mwenzi. Tena asijionyeshe usoni. Tena aendelee kunadi kana kwamba mwenzi alimwelewa sawasawa, ingawa masikio yake yamekwisha kumwambia kuwa sivyo. Iwapo upande wake umeupata mkataba, atasema kweli mnada ukiisha, kabla ya karata ya kwanza kuongozwa; iwapo ni walinzi, atangoja hadi mchezo umalizike. Hapa kweli haikufutwa, imeahirishwa; na mtu anatakiwa aishi kwa muda kana kwamba hajui analolijua. Wengi huona amri hiyo kuwa ya ajabu. Lakini hakimu aliyesikia ushahidi usiokubalika hutakiwa jambo lilo hilo, na hakuna anayeshangaa.

Limebaki swali la hila. Je, mchezaji aweza kutamka kinyume cha mapatano yake kwa kusudi, ili kuwapoteza wapinzani? Aweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Mmarekani Dorothy Rice Sims aliitukuza mbinu hiyo hata ikawa na jina na wafuasi: mtu hana kitu mkononi, naye anafungua mnada kana kwamba ana mali. Sheria hazikumkataza, ila zimeweka sharti moja ambalo linastahili kuwekwa mbele ya kila mwanafunzi wa maadili: mwenzi wake asiwe na sababu zaidi ya waliyo nayo wapinzani ya kujua kwamba ameyaacha mapatano. Maana yake ni kwamba anayetaka kumdanganya adui hana budi kumdanganya rafiki kwa kipimo kile kile. Akipotea adui, na apotee rafiki. Na rafiki akiutegemea uongo huo na kupanda hadi ahadi isiyotimizika, hasara ni ya wote wawili. Sheria haikuuliza kama neno ni la kweli. Imeuliza ujinga umegawanywaje mezani, na imetaka ugawanywe sawa.

Kwa kipimo hicho jambo lionekanalo dogo hugeuka kuwa zito. Jozi iliyocheza pamoja miaka kumi haiwezi kugawana ujinga na wageni. Mke anajua kwamba mumewe, akikalia nafasi ya tatu baada ya wawili kupita, hupenda kufungua kwa mkono mtupu. Hawakuafikiana kamwe, pengine hawakulizungumza hata siku moja. Mara ya kwanza alipofanya hivyo alimpoteza mkewe pamoja na wapinzani, na hapana lawama. Mara ya tano mkewe anatabasamu moyoni na kushusha matumaini, ilhali wapinzani wanaamini walichokisikia. Sheria husema kwamba mapatano yaweza kupatikana kwa majadiliano au kwa mazoea ya pamoja, na ya pili yana deni la kufunuliwa sawa na ya kwanza. Kile ambacho hakipaswi kufunuliwa ni ujuzi wa jumla ambao kila mchezaji angeupata kwa kuujua mchezo.

Yawezekana kupinga kwamba hilo ni kudai mno. Ujuzi wa mtu juu ya mwenziwe si mkataba. Ni tunda la kuishi pamoja, na nusu yake haina maneno. Mke hawezi kuandika katika kadi namna mumewe anavyokuwa jasiri akishindwa na mwoga akishinda. Pingamizi hilo lina nguvu, walakini linathibitisha tu kwamba wajibu huo haukamiliki, wala halithibitishi kwamba haupo. Anayeulizwa na mpinzani, “Mwenzi wako hufanya hivi?” akajibu, “Hatuna mapatano hayo,” huku akijua kwamba hufanya mara kwa mara, amesema neno la kweli kwa ulimi wa mwongo. Pengine huo ndio uongo ulio mwepesi kuliko wote kuutenda, kwa sababu anayeutenda hujihesabu kuwa anatunza siri ya nyumbani.

Ugumu wa mambo haya ulionekana kwa uchungu mjini Buenos Aires mwaka 1965, katika mashindano ya ubingwa wa dunia yaitwayo Bermuda Bowl. Terence Reese na Boris Schapiro wa Uingereza, mabingwa wa sifa kubwa, walishtakiwa kwamba walikuwa wakiambiana idadi ya kopa walizo nazo kwa hesabu ya vidole vilivyoonekana nyuma ya karata. Wakuu wa shirikisho la briji la dunia waliwaona na hatia. Nyumbani Uingereza ikafanywa baraza ya uchunguzi chini ya Sir John Foster, mwanasheria na mbunge, pamoja na Lord Bourne, jenerali. Na mwaka 1966 baraza hiyo ikawaondolea hatia. Walioona vidole walieleza walichoona, na ushahidi wao haukuwa hafifu. Walakini minada na michezo ya wawili hao ilipopimwa, haikuonyesha kwa yakini kwamba walifaidi habari za vidole, na shaka iliyosalia ikawa haki ya washtakiwa. Reese alitoa kitabu cha kujitetea mwaka huo huo. Alan Truscott, mmoja wa walioshuhudia, akatoa chake cha kuwashtaki mwaka 1969. Wote wawili waliokuwa wakituhumiwa wamekwisha kufa, Reese mwaka 1996 na Schapiro mwaka 2002, na hukumu mbili zinazopingana zingali zimesimama kama zilivyoachwa.

Watu hubishana ni ipi kati ya hukumu hizo iliyo sahihi, na ubishi huo umewapumbaza wasione jambo lililo kubwa zaidi. Mapatano ya siri hayana hati. Mwenye hatia hana cha kukamatwa nacho isipokuwa mikono yake mwenyewe, na asiye na hatia hana cha kuonyesha. Hakuna mtu awezaye kutoa ushahidi wa mapatano ambayo hayapo. Wawili wanaoelewana vizuri mno hukaa daima karibu na shutuma, na kadiri uelewano unavyozidi kuwa mzuri ndivyo shutuma inavyozidi kuwa karibu.

Wenye mchezo hawakungoja maadili yakamilike. Katika Bermuda Bowl ya mwaka 1975 kiwambo kiliwekwa katikati ya meza ili mtu asimwone mwenzi wake. Huko huko Waitalia wawili, Facchini na Zucchelli, wakaonwa wakigusana miguu chini ya meza, nao wakakemewa. Ndipo chini ya meza nako kukazibwa. Siku hizi, katika mashindano makubwa, matamko hayasemwi kwa kinywa. Kila mtu huweka kadi yenye tamko lake juu ya sinia, nayo husukumwa kupita chini ya kiwambo. Kila upande wa kiwambo hukaa mchezaji mmoja wa kila jozi. Hivyo sinia hufika ikiwa na matamko mawili pamoja, na inapochelewa, aliyeko ng’ambo ya pili hawezi kuwa na hakika kama aliyesitasita ni mwenzi wake au ni adui.