Je, Gati ni Barabara?

Yamkini wewe, msomaji, umezaliwa bara, na safari yako ya kwenda shule huanza mlangoni na kuishia langoni bila mguu wako kuacha ardhi. Kama ndivyo, nakuomba uvumilivu kidogo, maana nataka kukuuliza swali ambalo mtu wa bara hana sababu ya kujiuliza: safari ya baharini huishia wapi? Utasema huishia pale chombo kifikapo. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka siku niliyokwenda kisiwa cha Pate.

Tuliondoka Lamu asubuhi kwa mashua ya injini, watu, magunia ya unga na mitungi ya gesi tumebanana pamoja. Injini ilizimika mara mbili njiani, na tulipofika, saa tano, maji yalikuwa yamekupwa. Kati ya mashua na ngazi ya mawe palikuwa na tope jeusi, na kipago cha chini cha ngazi hiyo kilikuwa kikavu, kinatutazama kwa mbali. Vijana walikunja suruali, wakashuka, wakaenda zao wakicheka. Nami nilishuka, nikapoteza kiatu kimoja, hasara ambayo sitaki kuilalamikia sana. Lakini alikuwamo bibi mmoja mzee aliyekuwa akirudi kutoka hospitali. Baharia alimwinamia akamwambia kwa adabu, "Shikamoo, bibi. Njoo nikubebe mgongoni." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Lakini mimi si gunia. Nitangoja maji yajae." Akajifunika mtandio kwa ajili ya jua, akakaa.

Nimeyafikiri maneno yale mara nyingi. Kijana hakukosa, alitoa alichokuwa nacho, yaani mgongo wake. Bibi naye hakuwa na kiburi. Alikuwa amelipa nauli kama sisi, na nauli ya mtu ni kufikishwa, wala si kufikishwa nusu kisha akaombewa huruma. Basi kosa lilikuwa la nani?

Wako watakaosema kosa ni la bahari. Kweli, wakati wa bamvua bahari ya pwani ile hupanda na kushuka kiasi cha mita 3, na hapana serikali iwezayo kuiamrisha isimame. Lakini ngazi ile haikuota yenyewe. Iko siku fundi alisimama pale, akaamua kipago cha mwisho kiwe wapi. Na alipoamua hivyo aliamua pia nani atashuka kwa miguu yake na nani atangoja. Elimu ya kufanya vinginevyo si ngeni. Gati hurefushwa mpaka kwenye kina, mkondo huchimbwa, au hutiwa chelezo kubwa linaloelea, lililofungwa kwenye nguzo, likipanda na kushuka pamoja na maji, na daraja lenye bawaba likaliunganisha na nchi kavu. Ubao wa chelezo hilo huwa sawa na ukingo wa mashua saa zote, maji yawe yamejaa au yamekupwa.

Huenda ukanijibu kwamba mambo hayo ni ghali, na watu wa visiwani ni wachache; kwamba fedha ya gati moja ingechimba visima vingi katika nchi kame ambako watoto huteka maji mbali; na kwamba anayeona dhiki ahame. Hoja ya visima ni nzito, nami siidharau. Kama mfuko ungekuwa na sarafu moja tu, ningempa mwenye kiu. Lakini hoja ya kuhama siikubali hata kidogo. Miji ya Pate, Siyu na Faza ina umri wa karne nyingi, na hatumwambii mtu wa mlimani ahame kwa kuwa barabara yake inahitaji daraja. Twajenga daraja, wala hatuliiti sadaka.

Tena usisahau kwamba fedha imekwisha kutiwa katika maji yale yale. Tarehe 20 Mei 2021 ilifunguliwa bandari mpya ya Lamu katika Ghuba ya Manda, na gati lake la kwanza lina urefu wa mita 400 na kina cha mita 17.5. Sina neno baya juu ya bandari hiyo. Taifa huhitaji biashara. Ila meli ya mgeni haingoji maji yajae, na bibi yule aliyangoja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 204, imeweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya taifa kila mwaka, ili sehemu zilizoachwa nyuma zipate maji, barabara, vituo vya afya na umeme. Lamu ilihesabiwa katika kaunti 14 za kwanza. Soma orodha ile tena: barabara imetajwa, gati halikutajwa. Kwa mkaa kisiwani bahari ndiyo barabara, na gati ndipo barabara hiyo inapogusa mlango wake. Atakayesoma neno "barabara" kwa macho ya bara tu atakuwa amewatoa watu katika haki yao bila kufuta hata herufi moja.

Nisieleweke, hata hivyo, kwamba zege na chuma vinatosha. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka karibu na ufuko, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, wakafa 272. Gati jema linalojaza chombo kibovu ni mtego. Na fundi atakayekuja na ramani zake kupima saa ya maji kujaa, akapigwa picha, akarudi, atajenga tena ngazi ile ile. Na aje maji yakiwa yamekupwa, amuulize mwenye magongo, mjamzito, na mchukuzi wa samaki.

Ilikwisha pita saa nane maji yaliporudi ya kutosha. Mashua ilisukumwa kwa upondo mpaka kwenye ngazi. Bibi aliondoka, akashika ukuta, akapanda kipago kwa kipago, na mjukuu wake, aliyekuwa amengoja juu muda wote ule, akampokea kifurushi cha dawa.